Kuisoma Huckleberry Finn kwa Nadharia ya Kanivali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi na walimu wa fasihi, na wa msomaji yeyote aliyekutana na Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, riwaya ya Huck, kijana mweupe anayeshuka mto Mississippi kwa chelezo pamoja na Jim, mtumwa mtoro, akaambiwa aisome kwa jicho la Bakhtin. Maswali mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko kwenye uzito, na mengine yametosheka na sentensi chache. Nimetaja namba za sura ili ufuatilie katika toleo lolote ulilo nalo.

Kanivali ni nini katika nadharia hii?

Mikhail Bakhtin, mhakiki wa Kirusi (1895–1975), alitumia neno hilo kueleza namna ya kuishi iliyojitokeza katika sikukuu za Ulaya ya Zama za Kati, hasa siku za kuelekea Kwaresima. Kwa muda uliowekwa, vyeo viliwekwa kando. Mtu wa chini alivikwa taji akaitwa mfalme, kisha akavuliwa taji hilo na kuzomewa. Ibada, sheria na elimu viliigizwa kwa mzaha. Waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya tabaka walitaniana ana kwa ana. Mwili wenye kula, kunywa, kujisaidia, kuzaa na kufa ulitajwa hadharani bila haya. Bakhtin anasema miji mikubwa ilikuwa katika hali hiyo kwa jumla ya takribani miezi mitatu kila mwaka.

Katika yote hayo, shika mambo mawili. La kwanza, kanivali haina jukwaa. Hakuna wanaoigiza na wanaotazama. Kila mtu yumo ndani. La pili, kicheko chake kina pande mbili: kinashusha na kuinua, kinazika na kuzaa, na anayecheka anajicheka na yeye. Yakikosekana hayo mawili, kinachobaki ni maonyesho au uonevu. Majibu karibu yote yaliyo hapa chini yanategemea kipimo hicho.

Kwa nini Bakhtin alikithamini kicheko kiasi hicho?

Aliandika wakati kucheka hadharani kulikuwa na hatari. Alikamatwa mwaka 1928, akahamishiwa Kustanai huko Kazakhstan, na kitabu chake juu ya mwandishi wa Kifaransa François Rabelais kilianza kama tasnifu aliyoitetea Moscow mwaka 1946. Wajumbe waligawanyika, akanyimwa udaktari, na kitabu kikachapishwa mwaka 1965. Nadhani maisha hayo yanaeleza kwa nini anaipenda kanivali bila kuibana sana kwa maswali. Alikuwa anatetea sauti ya umma ambayo mtawala hawezi kuizima. Sisi tunaomsoma leo tunaweza kumheshimu kwa hilo na bado tukauliza maswali ambayo yeye hakuyauliza.

Marekani ya Twain ilikuwa na kanivali?

Ndiyo. New Orleans, chini kabisa ya mto Mississippi, ilikuwa na Mardi Gras, sherehe yake ya kanivali, na kundi la Mistick Krewe of Comus lilianza maandamano yake huko mwaka 1857. Twain mwenyewe aliizungumzia sherehe hiyo katika Life on the Mississippi (1883).

Lakini kwa riwaya hii kuna ushahidi mzito zaidi, nao unatoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa. Frederick Douglass, katika simulizi ya maisha yake ya mwaka 1845, anaeleza mapumziko ambayo watumwa walipewa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Mabwana walitaka wanywe. Waliweka hata dau kuona nani atakunywa zaidi bila kulewa, na mtumwa aliyechagua kufanya kazi siku hizo alionekana hastahili mapumziko. Douglass anasema siku zile zilikuwa njia ya kupunguza mvuke wa uasi usije ukapasua chombo. Mtumwa alisukumwa kwenye ulevi ili auone uhuru kuwa kitu kichafu, akarudi shambani akidhani hakukosa chochote.

Sijui jibu kali zaidi ya hilo kwa nadharia ya Bakhtin, na liliandikwa nusu karne kabla yeye hajazaliwa. Furaha inayotolewa kwa ruhusa ya bwana inaweza kuwa kamba ya kumfungia mtu. Ukiwa na Douglass mkononi, unaisoma Huckleberry Finn kwa tahadhari inayoistahili.

Ni sehemu zipi za riwaya zenye ukanivali wa wazi?

Ni nyingi. Nitakaa kwenye zile ninazoona zina uzito.

Anza na kifo cha Huck (sura ya 7 na 8). Ili amtoroke baba yake mlevi, anachinja nguruwe, anamwaga damu yake kibandani na kuacha dalili kwamba ameuawa. Kisha anajificha kisiwani na kuwatazama watu wa mji wakipiga mizinga juu ya maji ili maiti yake iibuke. Wanaachia mikate yenye zebaki ndani ielee, kwa imani kwamba itaenda kusimama palipo na maiti. Mkate mmoja unamfikia kweli, naye anautoa zebaki na kuula. Marehemu anakula mkate wa kumtafutia maiti yake! Kifo kinachozaa, chakula kinachokaa mahali pa kilio, nguruwe anayekufa badala ya mtu: Bakhtin angeweza kujenga sura nzima juu ya tukio hilo moja. Tangu hapo Huck anazaliwa upya mara kwa mara kwa majina mengine. Anakuwa msichana aitwaye Sarah Williams, kisha George Peters, kisha George Jackson, na mwishowe Tom Sawyer, jina la rafiki yake. Anapopewa jina hilo la mwisho (sura ya 32) anasema alijiona kama aliyezaliwa upya.

Halafu wanaingia wale matapeli wawili (sura ya 19). Mmoja anajitangaza kuwa Duke wa Bridgewater, mwingine anapanda dau na kuwa mrithi wa kiti cha ufalme wa Ufaransa. Wanataka wapigiwe magoti na kuhudumiwa wa kwanza mezani. Hilo ni taji la kanivali kabisa, na kuvuliwa kwake kunakuja sura ya 33, walipopakwa lami na kubandikwa manyoya na kupitishwa mitaani juu ya gogo. Katikati ya hayo, mfalme huyo anaingia kwenye mkutano wa injili na kujidai alikuwa haramia katika Bahari ya Hindi kwa miaka 30. Msomaji wa pwani anakutana na bahari yake humo, ikitumiwa kama mahali pa mbali ambapo uongo wowote unakubalika. Kofia inapitishwa, waumini wanalia, naye anaondoka na dola 87 na senti 75.

Onyesho la The Royal Nonesuch (sura ya 23) ndilo linalotajwa zaidi. Mfalme anaingia jukwaani akitambaa kwa mikono na miguu, uchi, amepakwa rangi za kila namna. Mfalme aliye mnyama, mwili uliofunuliwa: alama zote zipo. Lakini angalia kinachofuata. Watu wanagundua wametapeliwa, na badala ya kujicheka, mmoja wao anashauri wasiseme kitu. Wakasifie onyesho hilo ili wenzao nao watapeliwe. Usiku wa tatu wanakuja na mayai viza kulipiza, lakini matapeli wameshatoroka na dola 465. Hapo kuna jukwaa, kuna kiingilio, na kuna watu wasioweza kujicheka. Kwa kipimo tulichokubaliana, hiyo siyo kanivali. Ni biashara iliyovaa nguo zake.

Giza zaidi ni sura ya 21, Boggs mlevi anapopigwa risasi na Kanali Sherburn katikati ya mji. Watu wanasukumana wamwone anavyokufa. Kabla damu haijakauka, mtu mmoja anasimama na fimbo yake na kuigiza tukio lote, na wenzake wanamtolea chupa kumpongeza. Sura inayofuata Huck anakwenda kutazama sarakasi. Twain amepanga matukio hayo bega kwa bega, na sidhani ni bahati mbaya.

Kwa nini wengine husema kanivali halisi iko kwenye chelezo?

Kwa sababu pale juu ya magogo yaliyofungwa pamoja, Huck na Jim wanaishi bila watazamaji. Mara nyingi hata nguo hawavai. Wanazungumza kwa usawa ambao sheria ya Missouri isingeuruhusu, jimbo lililokubali utumwa tangu liingie katika muungano mwaka 1821. Wanabishana kuhusu Mfalme Suleimani, na Jim anamchambua mfalme huyo kwa hoja za baba anayejua thamani ya mtoto (sura ya 14). Wanacheka, na kicheko hakimshushi mmoja ili kumwinua mwingine.

Na pale kicheko kinapovuka mpaka, kinasahihishwa. Katika sura ya 15, baada ya ukungu kuwatenganisha, Huck anamdanganya Jim kwamba ile dhiki yote ilikuwa ndoto. Jim anatambua, na anamwambia waziwazi kwamba anayemfanyia rafiki yake mzaha wa namna hiyo ni taka. Huck anakwenda kumwomba radhi. Kijana mweupe kuomba radhi kwa mtumwa mtoro, katika Marekani ya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ni ulimwengu uliopinduliwa juu chini kuliko onyesho lolote la matapeli. Ajabu ni kwamba hakuna anayecheka. Wala Huck hafanyi hivyo kwa msimu; anasema hakujuta kamwe.

Jim ana nafasi gani katika kanivali hii?

Hili ndilo swali lililonifanya niuandike ukurasa huu, na naomba usilipite haraka.

Fuata vicheko vya riwaya, uulize kila mara nani anavilipia. Katika sura ya 2 Tom Sawyer anamfanyia mzaha Jim akiwa usingizini. Jim anajenga juu yake hadithi ya wachawi waliomwendesha kama farasi, na hadithi hiyo inampa heshima kati ya watumwa wenzake. Hapo bado anaweza kuugeuza mzaha kuwa faida. Lakini matapeli wanapopanda chelezo mambo yanabadilika. Wao wakiwa mjini wanaigiza ufalme, Jim anashinda amefungwa kamba ili asidhaniwe ametoroka. Anapolalamika, Duke anamvika vazi la King Lear, nywele bandia na ndevu, anampaka rangi ya buluu usoni na mikononi, na kuweka kibao kinachosema huyu ni Mwarabu mgonjwa (sura ya 24).

Tazama picha hiyo vizuri. Jim amevikwa vazi la mfalme. Ndiyo mara pekee anayotawazwa. Huck anasema alionekana kama mtu aliyekufa maji siku tisa zilizopita. Mfalme na maiti katika mwili mmoja: ni taswira ya kigroteski, yaani ya mwili wa ajabu unaounganisha vinyume, aliyoitaka Bakhtin, imekamilika. Kinachokosekana ni watu. Jim ametawazwa peke yake kwenye chelezo kitupu, na kazi ya taji lake ni kuwafukuza binadamu wengine wasimkaribie. Anashukuru, kwa sababu ni afadhali kuliko kamba.

Kisha mfalme wa uongo anamuuza kwa dola 40 (sura ya 31). Kiasi hicho kilikwisha kuonekana. Katika sura ya 16, wawindaji wa watumwa watoro walimwachia Huck sarafu mbili za dola 20 kwa kuogopa ndui. Na katika sura ya mwisho Tom anampa Jim dola 40 kwa kuwa mfungwa mvumilivu. Mara tatu, fedha ileile inapita juu ya mwili uleule. Wahakiki wanaotaja taji na manyoya bila kutaja dola hizo wameiacha nusu ya kitabu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nadharia ya kanivali inaifaa riwaya hii zaidi pale inapogoma kukaa. Inatuonyesha sherehe ambamo mtu mmoja haruhusiwi kushiriki kama sawa na wenzake, ila anaruhusiwa kuwa kifaa chao.

Sura za mwisho, za shamba la akina Phelps anakofungwa Jim baada ya kuuzwa, ni udhaifu wa mwandishi?

Ernest Hemingway alidhani hivyo. Katika Green Hills of Africa (1935), kitabu cha safari yake ya uwindaji Tanganyika, aliandika kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani imetokana na Huckleberry Finn, lakini msomaji aishie pale Jim anapoibwa, kwani kinachofuata ni udanganyifu.

Sikubaliani naye, na kanivali ndiyo inayonipa sababu. Katika sura hizo Tom anajaza panya, nyoka na buibui katika kibanda alimofungwa Jim, kwa sababu wafungwa wa vitabuni wanakuwa nao. Anatamani mchezo uendelee hata miaka 80, mpaka watoto wao waje wamkomboe Jim. Katika sura ya 38 wanahitaji jiwe la kunolea ili Jim achonge juu yake maneno ya huzuni. Vijana wawili wanashindwa kulisukuma. Jim anainua mguu wa kitanda, anachomoa mnyororo, anautia shingoni, anatoka kwa tundu, analileta jiwe, kisha anarudi kufungwa tena. Muda wote huo yuko huru kisheria: Miss Watson, bibi aliyemmiliki, alimwachia uhuru katika wosia miezi miwili nyuma, na Tom analijua hilo.

Twain alianza riwaya mwaka 1876 na kuimaliza mwaka 1883. Katika miaka hiyo jeshi la serikali ya shirikisho liliacha kuzilinda serikali za Kusini (1877), na Mahakama Kuu ikabatilisha sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1875 (mwaka 1883). Watu waliokwisha kuachwa huru kwa katiba walikuwa wakifanyiwa mchezo wa uhuru. Siwezi kuapa kwamba Twain alikusudia ulinganifu huo, lakini ukurasa ukishausoma hivyo, huwezi kuusoma tena kama utundu wa watoto.

Vipi kuhusu maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi?

Ni lazima yatajwe. Kuanzia miaka ya 1830, wazungu waliojipaka nyeusi usoni walipata fedha kwa kuwaigiza Waafrika-Wamarekani kama mazuzu, na Twain aliyapenda maonyesho hayo tangu ujana wake katika mji wa Hannibal. Baadhi ya mazungumzo ya Huck na Jim yamefuata mtindo wake. Ralph Ellison, katika insha ya mwaka 1958, alisema Jim amechorwa kwa mistari ya maonyesho hayo, na kwamba utu wake unajitokeza kutoka nyuma ya kinyago hicho. Naona Ellison alilenga pale hasa. Kinyago cha kanivali anakivaa mwenyewe, akakivua akitaka. Jim amevalishwa na wengine, na lazima tumtafute chini yake. Tunampata sura ya 23, mara tu baada ya mazungumzo ya kuchekesha kuhusu wafalme: usiku, akiwalilia watoto wake, akikumbuka alivyompiga bintiye mdogo kwa kutotii kabla ya kugundua kwamba mtoto amekuwa kiziwi.

Lile tusi la kibaguzi wanaloitwa watu weusi katika riwaya ni "lugha ya sokoni" ya Bakhtin?

Hapana, na usiandike hivyo kwenye insha. Limo zaidi ya mara 200, na mwaka 2011 kampuni ya NewSouth ilitoa toleo lililoliondoa. Matusi ya kanivali, ambayo Bakhtin anayaita lugha ya sokoni, yanarushwa pande zote na yanabeba sifa ndani yake. Hili linarushwa upande mmoja tu, na anayerushiwa hana ruhusa ya kujibu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kitu cha kumsaidia kuelewa?

Utani. Watani wanaweza kumtania mfiwa hata msibani, na hakuna anayekasirika kwa sababu zamu itamfikia kila mtu. Ukiukumbuka msiba wa namna hiyo, utaona kwa nini mazishi ya Peter Wilks (sura ya 27) yanachekesha bila kuumiza: mbwa anabweka chini ya nyumba wakati wa mahubiri, mwenye kusimamia mazishi anatoka, kipigo kinasikika, naye anarudi kuwanong'oneza waombolezaji kwamba mbwa alikuwa amekamata panya. Wote wanaridhika. Tofauti iko kwa Jim, ambaye zamu haimfikii.

Nisome Bakhtin kwanza, au riwaya?

Riwaya. Haina tena hakimiliki, na Project Gutenberg wanaitoa bure. Kiingereza cha Jim na Huck kimeandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo soma kwa sauti. Sentensi zinazogoma machoni hufunguka masikioni. Kwa Bakhtin, anza na utangulizi wa kitabu chake juu ya Rabelais, kisha sura ya nne ya kile alichoandika juu ya mwandishi wa Kirusi Dostoevsky, katika toleo lililorekebishwa la 1963.

Nitaandikaje insha isiyo orodha ya vipengele?

Insha nyingi nilizosoma huchukua taji, mwili, matusi na karamu, zikatafuta mfano mmoja kwa kila kimoja, zikaishia hapo. Chagua tukio moja. Uliza kama lina jukwaa, nani anacheka, kama anajicheka, na nani anabaki na gharama kicheko kikiisha. Kisha useme wapi nadharia inakwama na kwa nini. Ukurasa mmoja juu ya lile jiwe la kunolea utamshawishi mtahini kuliko kurasa kumi za ufafanuzi wa istilahi.

Riwaya nyingine za Kimarekani zinazofaa njia hii?

The Confidence-Man ya Herman Melville (1857) inatokea siku ya wajinga, tarehe 1 Aprili, ndani ya meli ya mto huohuo wa Mississippi. Ni ngumu lakini inalipa. The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne (1850) ina sikukuu ya uchaguzi karibu na mwisho, na mwanamke aliyesimamishwa jukwaani mbele ya umma tangu mwanzo. The Sun Also Rises ya Hemingway (1926) ina sherehe za Pamplona, ambamo wageni wanajaribu kuingia wasiweze. Na ukishamaliza yote haya, chukua James ya Percival Everett (2024), ambayo inampa Jim mwenyewe kalamu. Humo ndani, wanaochekwa ni wengine.